Wa Nani?

Shangazi alisema sitamaliza wiki. Aliyasema mbele yangu, jikoni kwetu Chang'ombe: "Huyu karudi na diploma ya kuuguza wazungu. Baba'ke akianza kunuka tu, atakimbilia baa za Sinza."

Nilicheka. Diploma ile niliipata Ayalandi kwa jasho langu, na darasa zima hakuna aliyenishinda kumgeuza mgonjwa kitandani.

Baba nilimkuta amefungwa mikono kwa kanga. Tangu apigwe na kiharusi alikuwa akichomoa nyuzi za shuka kutwa, na shangazi alichoka kununua shuka. Vifundo vya mikono vilikuwa vimechubuka.

Mikono ya namna ile nilishaiona. Kule kazini Ayalandi palikuwa na mzee aliyechomoa blanketi hivyo hivyo, akirudia neno moja: ruaim. Mwanawe alinieleza kwamba katika lugha yao ndio mshipi wa kuvulia samaki, na kwamba neno hilo lina undugu na lile la unywele wa mkia wa farasi, maana zamani mishipi ilisokotwa kwa singa hizo. Baba naye, kabla nailoni haijaenea, aliwasokotea wavuvi mishipi ya pamba, pajani.

Nikafungua kanga. Nikanunua uzi wa pamba, nikamwekea mapajani. Hakuugusa.

"Wa nani?" aliuliza, mdomo umepinda.

"Wako, baba."

Akarudia shuka. Maisha yake yote alisokota uzi wa watu. Hilo diploma haikunifundisha.

Nikaenda kuazima uzi: kwa fundi cherehani, kwa fundi magodoro, na kwa mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa.

"Shikamoo mzee. Niazime uzi, nitakurudishia mshipi."

"Mshipi nifanyie nini? Mie na samaki tunakutana sahanini." Lakini alinipa.

"Wa nani?" akauliza baba.

"Wa fundi cherehani."

Akalamba kidole, akaanza.

Kanga haikurudi mikononi mwake. Alikufa asubuhi moja, mshipi wa tatu ukiwa bado mapajani, na shangazi ndiye aliyemkuta.

Mshipi ule niliumalizia mwenyewe. Matanga yalipoanuliwa nikazunguka kwa wote watatu. Wa mwisho alikuwa mwenye duka. Aliupitisha mshipi vidoleni, pima baada ya pima, kisha vidole vikasimama.

"Hapa mkono umebadilika."

"Hapo ni mie, mzee."

Akauviringa wote, akauweka rafuni, kando ya vitambaa vyeupe.