Viazi vya Mama Maabara

Miaka kumi na tisa Mama Maabara alikuwa akiwakatia wanafunzi viazi vya majaribio, na hakuna aliyewahi kumwita mzembe mpaka leo, tena mbele ya darasa zima.

"Viazi gani hivi, mama?" mwalimu mgeni wa biolojia alifoka. "Vimelegea kama matambara! Umetuletea vilivyooza."

Hasira zilimpanda Mama Maabara. Jana alikuwa ameviloweka kwenye maji matupu ili vikae vigumu, kama kawaida yake. Mwalimu huyu huyu ndiye aliyeyamwaga, akajaza maji ya chumvi, eti chumvi huzuia kuoza. Mama alipomwonya, alijibiwa kwamba kazi yake ni kuosha chupa.

Akanyanyua kipande kimoja, kikaning'inia.

"Wanangu, hiki hakijaoza. Kila seli ya kiazi ina utando unaopitisha maji kwa urahisi, lakini chumvi inapata shida kupita. Chumvi ikizidi nje, maji ya ndani yanatoka kuifuata. Kiazi kinabaki hivi."

"Inatosha, mama," mwalimu alinong'ona.

"Haijatosha! Shahada unayo, masikio huna. Waambie nani alitia chumvi."

Mwalimu aligeukia ubao, akaanza kuufuta. Mama Maabara akavuta kiti, akaketi mstari wa mbele pamoja na wanafunzi, mikono kifuani.

"Fundisha, mwalimu, tunakusikiliza. Mimi chupa nimeshaosha."