Mwalimu wa Bofu na Fundo Nililolikosea

Yule mama, mwalimu mstaafu wa biolojia wa kule Bofu, Likoni, niliyewahi kumtaja hapa, amefariki. Wasomaji wangu wa siku zote watakumbuka makala yangu kuhusu seli inavyogawanyika. Elimu yote ya makala ile niliipata kwake. Kosa lililokuwamo lilikuwa langu peke yangu. Alinipigia simu mara mbili baada ya kuisoma. Sikupokea. Niliona aibu ya kosa lile, nikadandia lori nikaenda zangu bara.

Tulijuana nikiwa tanboi, utingo wa lori. Alikuwa akihama nyumba ya shule Changamwe, nami nikifunga kabati lake juu ya lori. "Shikamoo Mwalimu, usiwe na wasiwasi, kamba hii mpya." "Marahaba. Upya wake haunihusu, mwanangu. Shina lake limeshikwa na nini?" Nikamwonyesha fundo kwenye kulabu. Akacheka: "Basi seli unaijua, hujaambiwa tu." Njia nzima hadi Likoni akanieleza. Seli inapogawanyika hutandaza mirija myembamba kuliko uzi wowote, ili kromosomu zivutwe huku na huku na kila seli changa ipate fungu lake. Mingi ya mirija hiyo huota kwenye sentrosomu, kituo kidogo sana ndani ya seli. Ziko protini za kuianzisha, na ziko za kushika mashina yake pale pale yasichomoke. Yakichomoka, mgawo huweza kwenda kombo. Mimi niliyeacha shule darasa la sita, siku hiyo nilisahau hata njaa.

Kisha, nilipokuja kupata safu hii, kwa pupa yangu nikaandika gazetini kwamba mrija ukishaanza basi, hujishika wenyewe. Mtu aliyefunga mizigo ya malori miaka yote ile!

Nilifika matangani nikajibanza nyuma. Binti yake akaniona. "Wewe ndiye tanboi wa Mama?" "Ndiye mimi." "Ulipotelea wapi? Mama alikuwa na hamu na sikio lako, alivute!" Akaingia ndani, akatoka na ukurasa wangu, umejaa wino mwekundu. Nikasoma. Chini kabisa alikuwa ameandika: "Kuanzisha si kushika. Mengine sawa. Saba kwa kumi. Aje tumalizie." "Majirani wote aliwasomea," binti akasema. "Akijigamba, huyu mwanafunzi wangu wa lori." Nikashusha pumzi niliyoibana miezi mingi, nikacheka na kulia kwa pamoja.

Kwa hiyo leo narekebisha: mrija haujishiki, hushikwa. Nami niliyeanza kazi nyingi na kuziacha zote njiani, safari hii nilibaki hadi mazishi. Upepo ulipolegeza turubai la matanga, mimi ndiye niliyekaza kamba, nikianzia shinani. Nilidhani Mwalimu alinipigia anigombeze, kumbe alitaka tumalize somo. Anayekusahihisha bado hajakuchoka. Kama yuko unayemkimbia hivyo, simu yake ikilia, pokea.