Jumapili Niliyowatafsiria Sinema ya Kibrazili

Mwaka niliomaliza kidato cha nne sikuwa na kazi. Mama akaniambia kama kweli ninajua Kiingereza, basi kitumike. Ndivyo nilivyojikuta Jumapili moja alasiri nimesimama kando ya televisheni katika ukumbi wa kanisa letu Kayole, mbele ya wanawake kama thelathini, wengi wao wafanyakazi wenzake mama kwenye kiwanda cha ngozi kule Industrial Area.

Kanda ya video ilikuwa ya mtawa mmoja Mbrazili aliyehudumu parokiani. "Kwetu sinema zilikuwa zimekufa," alituambia kwa Kiswahili chake cha kujikokota. "Miaka mingi hakuna mtu anatengeneza. Sasa zinaamka, na hii ni moja." Waigizaji walisema Kireno, na chini ya picha yakapita maandishi ya Kiingereza. Kazi yangu ilikuwa kuyasoma upesi na kuyasema kwa Kiswahili.

Ilikuwa hadithi ya mjane anayefua mashuka ya hospitali katika kiwanda cha dobi, dawa zikimchoma mikono. Anawapitia wenzake nyumba kwa nyumba, akiwaomba waende pamoja kwa meneja. Mwanzoni nilijikwaa, maandishi yakitoweka kabla sijamaliza. Kisha nikaacha kufuata neno kwa neno, nikasema kama mama zetu wangesema. Mjane alipofika mlangoni kwa jirani, nilimfanya apige hodi. Ukumbi mzima ukaitikia, "Karibu."

Siku ya kwenda kwa meneja, wenzake hawakutokea. "Sikuja kuomba," mjane alimwambia meneja. "Nimekuja kukuonyesha mikono." Akafutwa kazi. Picha ya mwisho akawa anateremka kilima na mfuko wake.

"Imeishia hapo?" mwanamke mmoja akauliza, kama aliyepunjwa.

"Imeishia hapo," mtawa akajibu.

Mama yangu hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Siku hiyo alisimama. "Sista, turudishie pale anapoonyesha mikono."

Mtawa akarudisha kanda, nami nikatafsiri tena. Mama akasema bila kupaza sauti, "Alikosea kitu kimoja tu. Alipoona wenzake hawajatokea, angerudi kuwachukua." Halafu akafungua viganja vyake. Vilikuwa vimechanika na kubadilika rangi kwa dawa za kulainisha ngozi. Nilikuwa nimekula ugali wa mikono ile maisha yangu yote, na sikuwa nimeitazama.

Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana, wanawake kumi na tisa waliingia ofisini kiwandani kudai glavu. Msimamizi akauliza kiongozi wao ni nani.

"Hakuna," mama akamjibu. "Sote tuna mikono."

Glavu zilikuja baada ya mwezi hivi. Mama naye akahamishwa, akapewa ufagio wa kufagia uwanja. Nilikasirika. Nikamwambia wamemshinda.

"Wamenihamisha," alisema akivua viatu. "Kunishinda ni kitu kingine."

Alifanya kazi pale miaka mingine sita. Kila glavu zilipochakaa na mpya zikacheleweshwa, wenzake walimfuata uwanjani, naye akauegemeza ufagio ukutani, akawatangulia kwenda ofisini.