Nilipaka tairi za pikipiki dawa ya viatu siku ya posa, nikaingia ukweni kwa ubavu

Wakuu, habari za majukumu. Tafadhalini msianze kucheka kabla sijamaliza. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, siyo rafiki yangu wala jirani wa rafiki yangu, na goti la kushoto bado limevimba hapa ninapoandika. Asiyeamini apite kimya kimya.

Mimi niko Mafinga. Wanaonijua humu wanajua ninavyowafokea watu kwenye nyuzi za pikipiki. Punguza spidi kabla ya kona. Ukishaingia usiguse breki. Tazama unakotokea, siyo unakoogopa kuangukia. Chombo kikilala, na wewe lala nacho. Nimeandika hayo mpaka vidole vimeota sugu.

Kumbe aibu inanivizia.

Iko hivi. Nina mchumba, tumwite Upendo. Kwao ni kijiji cha ndani ukichepuka pale Nyololo. Kijiji sikitaji maana kuna shemeji yangu anashinda humu.

Wazee wa kwao bado wameshikilia mila. Posa haipelekwi na muoaji. Anakwenda mshenga na jembe jipya lisilo na mpini, na wewe hutakiwi kuonekana hata kivuli mpaka siku ya utambulisho. Wakilipokea jembe, umepata mke. Wakilirudisha, ndugu yangu, kajaribu kwingine.

Na Upendo alishaniambia baba yake aliwahi kurudisha jembe la mtu kwa sababu tu mshenga alichelewa. Pata picha nilivyokuwa nalala.

Mshenga wangu ni baba mdogo, anauza mchele Chimala, alikuja kulala kwangu tangu jana yake. Mtu wa mwili, mtu wa heshima zake, suti na kizibao ndani. Mpango ulikuwa nimpakie, nimshushe mbele ya nyumba yao, halafu nipitilize na helmeti usoni kama siwajui.

Hapo ndipo akili iliponiruka. Nikasema kama sura hawataiona, basi angalau chombo wakione! Asubuhi nikaiosha pikipiki, nikachukua dawa nyeusi ya viatu, nikaichanganya na oil kidogo, nikapaka tairi. Siyo ubavuni tu, wakuu. Nilipaka mpaka kwenye kashata, kule kunakokanyaga barabara. Zikang'aa mpaka nikapiga nazo picha.

(Mafundi najua mmeshashika vichwa. Vumilieni.)

Lami ya Mafinga mpaka Nyololo haikunisema. Ukienda umenyooka tairi inakanyagia katikati, kwa hiyo ile dawa ya katikati ikalika yote. Nikajiona niko salama. Kumbe kule pembeni mwa tairi, kunakoshika ukilaza chombo kwenye kona, dawa iko vilevile.

Tatizo la pili lilikuwa limekaa nyuma yangu. Nikilaza kushoto, baba mdogo anaegemea kulia. Nikilaza kulia, anakwenda kushoto.

"Baba, lala na mimi."

"Mshenga halalilali njiani kama mlevi," ananijibu. "Nimebeba jembe. Nakaa wima."

Nikambembeleza, hola. Nikanuna, hola. Mnaobeba abiria mnanielewa. Pikipiki inataka huku, mzigo unataka kule, tairi haijui imsikilize nani.

Tukaacha lami. Manyunyu yakaanza, yale ya Mufindi, hayanyeshi wala hayaachi. Udongo mwekundu ukawa mlenda. Nilitakiwa nisimame, nitoe upepo kidogo kwenye tairi, nishuke gia, nitambae. Nilijua yote hayo! Lakini saa ilikuwa inakimbia, na yule mzee wa kurudisha majembe yuko kichwani kwangu.

Kona ya kwao ni ya mteremko, inakata kushoto, na nyumba iko kulia kwa chini. Nikaingia na spidi ambayo mtu mwingine ningemtukana humu. Nikalaza kushoto. Baba mdogo akaenda kulia. Nikashtuka, nikafanya lile ninalolikataza kila siku, nikakamata breki ya mbele.

Tairi ya mbele ikaondoka zake.

Tukaserereka, tukapasua ua wa majani ya mabingobingo, tukaishia katikati ya kabichi za wakwe. Mimi na pikipiki chali. Baba mdogo, haki ya Mungu, amekaa kitako kwenye tuta, wima vilevile, suti imekuwa nyekundu, jembe kalikumbatia. Na mbele yetu amesimama baba yake Upendo na kikombe cha chai.

Baba mdogo akatema udongo. "Hodi wenyewe. Kamwene."

Mzee akatuangalia weee. "Kamwene. Wageni huwa wanapitia kule mbele." Akanigeukia mimi. "Na huyu?"

"Bodaboda tu, mzee mwenzangu," akasema baba mdogo bila kupepesa macho. "Nimemkodi pale Nyololo. Vijana hawa hawana akili kabisa."

Ningefanyaje? Nikainua pikipiki, helmeti sijaivua.

Wao wakaingia sebuleni. Mimi na pikipiki tukaelekezwa nyuma ya jiko, bado na helmeti kichwani kama mwizi. Dirishani namsikia baba mdogo akinisifia. Kijana wetu mtulivu, hana papara, hata pikipiki anaiendesha utadhani amebeba mayai. Mzee anaitikia tu, "Ehee. Ehee."

Upendo akatoka kuchota maji, akaiona pikipiki, akaniona. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaliona goti, huruma ikamwingia. Akanivua viatu, akanifuta matope, akaanza kunifulia soksi kwenye beseni. Maumivu niliyasahau. Tatizo tulimsahau na mzee.

Akatokea. Akaangalia beseni. Akaangalia soksi. Akamwangalia binti yake.

"Bodaboda wa kukodi anafuliwa soksi nyumbani kwangu?"

Upendo akazizamisha soksi kwenye povu. Mimi nikatoa shikamoo, ikaishia kwenye helmeti.  Mzee akainama kwenye pikipiki, akapitisha kidole pembeni mwa tairi, kikatoka cheusi tii. Akakinusa.

"Dawa ya viatu unapaka tairi. Na viatu unapaka nini, grisi?"

Akarudi ndani.

Wakuu, utani pembeni. Nampenda yule dada.  Nilijua jembe linarudi, na nimelirudisha mimi kwa mikono yangu, kwa kutaka sifa.

Baada ya muda baba mdogo akatoka. Mikono mitupu.

"Wamelipokea," akasema. Nikataka kuruka, goti likakataa. "Tulia kwanza. Kuna sharti. Siku ya utambulisho muoaji aje kwa miguu, kuanzia lami ya Nyololo mpaka mlangoni hapa. Mzee amesema nimfikishie, maana yeye muoaji bado hajamwona."

Somo nililopata ni hili. Dawa ya kung'arisha ikae ubavuni mwa tairi, kwenye kashata isiguse kabisa. Ukiwa umeshapaka, tafuta barabara kavu uende taratibu ukikata kona mpaka pembeni nako kulike. Abiria mfundishe kulala na chombo kabla hamjaondoka, hata kama ni mshenga, hata kama ni askofu. Na ukichelewa, chelewa tu.

Karibuni mchangie, matusi yenu nayapokea. Nani ana ushauri wa viatu vya kutembelea kwenye tope vinavyofaa na suti?

Utambulisho ni Jumamosi hii. Mlioko Nyololo, mkimwona kijana wa suti anachechemea kuelekea ndani, msimpe lifti hata akiwalilia. Mzee ameweka watu njiani.