Akiba Ndani ya Mshono

Hata leo nikifumua nguo ya mtu, mkono wangu unasita kwanza. Naogopa matundu.

Miaka ile ya Zaïre nilikuwa msichana wa kuchekacheka, na cherehani yangu ilikaa barazani kwetu, Kolwezi, ng'ambo ya geti la chuo cha juu. Shule nilikomea darasa la sita, lakini ndoto hazikukoma: nilishajiona na duka Lubumbashi, lenye kioo mbele na mafundi wanne. Wateja wangu walikuwa wafanyakazi wa chuo, na kazi kubwa ilikuwa kuwapanulia abakosti, yale makoti ya kuvaa bila tai. Basi liliwachukua mlangoni kwao na kuwashusha mlangoni pa ofisi. Wakakaa kutwa. Saa nne mikate ya mafuta, jioni bia na mbuzi wa kuchoma, na nyumbani bukari, ugali wetu, inawangoja. Mwembamba ndiye aliyechekwa: "Tata, mushahara wako nani anaula?"

Basi kila abakosti niliiachia vidole vitatu vya kitambaa ndani ya mshono. Akiba ya tumbo, tuliita.

Siku moja akaja tata, mzee wetu wa maktaba, mtu wa Kasai ya mbali, mpole wa sauti. Munganga wa hospitali alimwambia damu inapanda, atembee, apunguze mafuta na bia. Mizani hawakuwa nayo nyumbani. Akaniwekea abakosti yake ya kahawia, kifungo cha tumboni kimekatika.

"Shona kifungo tu, mama. Usiipanue. Hii nguo njo itaniambia kama napungua."

Akaanza kutembea. Basi lilimpita njiani, wenzake wakimtania madirishani kwamba tata anarudi Kasai kwa miguu. Alifika kwangu na jasho na vumbi jekundu hadi magotini. Kila mwezi aliniletea abakosti niipige pasi, akaivaa palepale, akavuta pumzi. Kifungo hakikufika. Uso ulivyomshuka, mi sikuweza kuutazama.

Siku hiyo aliiacha kwangu, nikaifumua. Nusu kidole tu kila upande. Sikumwambia.

Mwezi uliofuata kifungo kilifunga, na akacheka kama mtoto. Nami nikacheka naye. Nikarudia mara ya pili. Mara ya tatu akasema sasa amepona, asante Mungu, na kesho yake nilimwona anashuka kwenye basi, karatasi ya mikate mkononi.

Mvua za kwanza zilimkuta ameanguka kati ya rafu za vitabu. Mkono wa kushoto ulikufa, mdomo ukaenda upande.

Alirudi kwangu baada ya miezi mingi, akiongozwa na mke wake. Alikuwa amekonda, abakosti inaning'inia. Mke huyo aliomba niipunguze. Nilipoigeuza nje, mwanga wa baraza ukapita katika kitambaa: mistari mitatu ya matundu ya sindano, mmoja kando ya mwenzake, na mshono mpya pembeni. Pasi haiyafuti.

Tata aliiona. Akapitisha kidole cha mkono mzima juu ya mistari, mmoja mmoja. Nilingoja anitukane.

"Ile siku ya kwanza," akasema taratibu, "nilifurahi sana, mama."

Akanisogezea koti. Nikaishona kwenye mstari wa ndani kabisa, ule wa mwanzo. Akaivaa, na bado ilimpwaya.