Alipoteza Sauti ya Mtoto, Akapata ya Mzee

Saa nne asubuhi, Zumrad Kodirova amekwisha kufa mara mbili. Kwanza kama mbwa mwitu aliyetumbukia kisimani, kisha kama bibi wa tamthilia aliyekata roho akimlaani mkwewe. Sasa anapiga funda la chai ya kijani, anasogelea kipaza sauti na kulia kama punda.

"Punda huyo ana mafua," anasema fundi mitambo, Ilhom, akiwa upande wa pili wa kioo.

"Hana mafua, mdogo wangu. Ameoa," anajibu Zumrad, bado kwa sauti ya punda. Ilhom anacheka mpaka kipande kinarudiwa.

Zumrad ana miaka hamsini na mbili. Kwa miaka ishirini na saba ametia sauti za Kiuzbeki kwenye filamu na katuni za nje katika studio hii ndogo ya Tashkent. Sura yake haijulikani, lakini kuna wakati akiuliza tu bei ya karoti sokoni, watoto waligeuka.

"Miaka kumi na tisa nilikuwa mvulana wa katuni, wa miaka minane," anasema. "Mume wangu akazeeka, mimi nikabaki darasa la pili."

Miaka minne iliyopita, sauti ilimkatika katikati ya neno. Daktari alikuta vinundu kwenye nyuzi za sauti. Akapasuliwa, akaamriwa kunyamaza wiki sita. Nyumbani akawa anaandika kwenye daftari.

"Mama mkwe alisema nyumba haijawahi kuwa na amani namna ile. Nikataka kumjibu, kalamu nisiione."

Sauti iliporudi, ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo. Nafasi ya mvulana akapewa binti wa miaka ishirini na mitatu, na kipato cha Zumrad kikashuka kwa zaidi ya nusu.

"Nilimsikiliza akisema maneno yangu, nikatoka nikakaa kwenye ngazi. Angekuwa mbaya ningefarijika. Alikuwa mzuri. Hilo ndilo lililoniliza."

Mambo yaligeuka kwenye harusi ya mpwa wake, mjini Kokand. Baada ya pilau, wanaume walianza askiya, ule utani wa kurushiana mafumbo hadi mmoja akose jibu. Mada ilikuwa matikiti. Mamasoli, mwashi mwenye ulimi mkali, alikuwa amewanyamazisha watu wawili.

"Shamba limekwisha," alijigamba. "Yote nimeyapasua."

Kutoka upande wa wanawake, nyuma ya mlango, ikaja sauti nzito ya mzee wa kiume. "Umepasua ya kando ya njia, mwanangu. Matamu yako ndani ya ua."

Watu wakaangua kicheko. Mamasoli akageuka. "Mzee, wewe umeiva au umeoza?"

"Tikiti halijisemei. Ligonge usikie."

Mamasoli akacheka, akainua mikono kukubali kushindwa. Mlango ukafunguliwa, akatoka Zumrad na sinia ya aprikoti kavu.  Kisha mwashi yule akasimama, akaweka mkono kifuani na kuinama.

"Miaka thelathini natania watu," alisema. "Leo nimepigwa na mzee mwenye hereni."

Tangu siku hiyo Zumrad huitwa kwenye sherehe karibu kila wiki, na studio humpa wazee, wachawi na majambazi wote. Si kila mtu alipendezwa. Kaka yake alimwambia amewaaibisha kwa kuingilia utani wa wanaume, wakakaa mwaka mzima bila kusemezana.

"Mwezi uliopita akapiga simu, nije kwenye sherehe ya mjukuu wake. Nikamwuliza, 'Kaka, nije kama dada yako au kama mzee?'  Akasema, 'Njooni wote wawili.'"

Sasa, kila Jumanne, anawafunza askiya wanawake wanne katika duka la ushonaji: fundi cherehani, mwalimu, muuguzi na muuza mikate. Sikukuu ya Navruz, mwaka mpya wa majira ya kuchipua, anataka wapande jukwaani Kokand, wakabiliane na Mamasoli mbele ya umati.

"Amekubali," anasema, akivaa vipokea sauti ili arudi kazini. "Nimemshauri aje na wenzake. Akija peke yake, watu watasema tumemwonea."