Doa la Gundi kwenye Mandolini Yangu

Wiki iliyopita binti yangu aliirudisha mandolini yake mpya kwenye mfuko, akafunga zipu kwa hasira, akaniambia: "Maman, mi siko na sikio ya muziki. Nimeacha." Ana miaka kumi. Nilikuwa nakaanga ndagala, nikazima jiko. Maneno hayo nayafahamu, rafiki yangu. Niliyasema mimi mwenyewe, hapa hapa Bujumbura, nikiwa na umri kama wake, na aliyeyasikia siku hiyo alikuwa bibi yangu.

Mandolini yangu baba aliinunua mtaa wa maduka wa Asiatique, katika duka lililouza pia baiskeli na masufuria. Ilikuwa na nyuzi nane, mbili mbili, na harufu ya vanishi iliyojaa sebule nzima. Mwalimu wa kwaya ya parokia aliniahidi kwamba nikijua nyimbo mbili nitapiga kwenye misa ya Kupalizwa Bikira Maria, katikati ya Agosti. Kati ya wapigaji wake hapakuwa na msichana hata mmoja. Niliringa mtaani kote kabla sijajua hata kuishika.

Sasa, kwa bibi kitu kipya hakikutumika kabla padri hajakinyunyizia maji ya baraka, na hakikupelekwa kwa padri kikiwa na vumbi. Redio, cherehani, hata jembe, vyote vilipita mkononi mwa bibi kwanza. Na kiangazi cha mji huu unakijua: unafuta meza, ukigeuka vumbi limerudi. Basi nilipokuwa nimetumwa sokoni, bibi alilegeza nyuzi zote ili kitambaa kipite chini yake. Kile kidaraja cha mti kinachobeba nyuzi kikadondoka miguuni pake. Akaamini amekivunja.

Haya yote niliyasikia baadaye. Alikifunga kwenye ncha ya kitenge, akaikumbatia mandolini na kuvuka barabara hadi kwa jirani yetu fundi viatu, Mkongomani wa Uvira, ambaye hakuwahi kukataa kugundisha kitu. Fundi akakibandika kwa gundi ya soli, pale alipoona yeye panapendeza. Bibi akazikaza nyuzi, Jumapili padri akanyunyiza maji, na mimi nikaanza kujifunza.

Weee! Mwalimu aliniwekea nyuzi sawa, na zikipigwa wazi ziliitikia vizuri kabisa. Nikiweka kidole tu, sauti inapanda kupita inavyotakiwa, na kadiri vidole vilivyopanda shingoni ndivyo nilivyozidi kuchafua. Wenzangu walikunja nyuso. Nyumbani nilijifunzia kwenye ngazi za nyuma, bibi akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, pembeni. Nilipokosea, mchi ulisimama. Mimi nilidhani anachoka.

Wiki mbili zikapita hivyo. Ijumaa moja asubuhi mwalimu aliniondoa kwenye wapigaji, kwa upole lakini mbele ya wote: "Mutoto, rudia kuimba. Vidole uko navyo, ila sikio auna." Mchana huo nilikaa mbele ya maharage na ndizi nisiyatake. Nikamwambia bibi kwamba sina sikio, kwamba nimezaliwa hivyo, na kwamba baba aiuze mandolini. Bibi akaweka kijiko chini. Hakunibembeleza hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko maneno ya mwalimu.

Jumamosi alivaa imvutano, lile vazi la mashuka mawili alilolitoa kwa harusi na sikukuu tu, akanishika mkono mmoja na mandolini mkono wa pili, tukaenda mazoezini. Mwalimu alimpa kiti. Hakukaa.

"Mwalimu, sikio ya mutoto aina shida. Ni mi nilivunja iyi kitu, nikaigundisha, nikanyamaza. Unisamehe. Na yeye anisamehe."

Niliona aibu, nakwambia kweli, nikaangalia viatu vyangu. Mwalimu akakisukuma kidaraja kwa kidole gumba, hakikutikisika. Akaanza kucheka, akaacha alipoyaona macho ya bibi.

"Maman, aukuvunja kitu. Iyi abaigundishi. Ni nyuzi ndo zinaikamata, na apa si pahali yake."

Tulikwenda wote kwa fundi viatu. Alikibandua kwa kisu kilichopashwa moto, akinung'unika kwamba tunaharibu kazi nzuri. Mwalimu akakisogeza polepole kuelekea mkiani mwa mandolini, akipiga uzi wazi, kisha akiubana kwenye kijichuma cha kumi na mbili kati ya vile vilivyopangwa shingoni, mpaka sauti mbili zikakubaliana. Kisha akanipa mimi. Sikuamini kwamba vile vilikuwa vidole vyangu. Siku ya misa nilikosea mara moja tu, na bibi, aliyekaa benchi la mbele, alikohoa kwa nguvu ili watu wasisikie.

Ua wetu ule sasa ni ghorofa la kupangisha. Fundi viatu alirudi kwao Uvira. Sombe siku hizi tunainunua imeshasagwa, na bibi ametangulia, miaka mingi sasa.

Niliifungua mandolini ya binti yangu. Kidaraja kilikuwa kimesogea safarini kutoka dukani, na nyuzi ziko juu kiasi cha kukata vidole. Nilikirudisha mahali pake nikakishusha kwa kuzungusha vigurudumu vyake viwili. Alipiga, akanitazama mdomo wazi. Ndipo nikaishusha ile yangu kutoka juu ya kabati. Akaliona doa la njano kwenye kifua chake, akauliza kwa nini sijalitoa. Fundi mmoja aliwahi kutaka kulisugua na kupaka vanishi upya, nikamkatalia.

Nilimweleza binti yangu kwamba doa hilo ni la bibi. Kwamba wapo watu wazima wengi walionipenda, walionilisha na kunisomesha. Lakini ni mmoja tu aliyesimama mbele ya watu akasema, mtoto hana kosa, ni mimi.